Chai Ina Namba Nne Katika Maktaba

Mkulima wa chai katika nchi ya Kericho na Bomet hahitaji kufundishwa faida ya kuchambua na kupanga. Majani mawili na chipukizi lake huingia kapuni, na jani gumu hukataliwa kituoni mbele ya macho ya mwenyewe. Kiwandani, majani yakiisha kunyaushwa, kusagwa, kuachwa yabadilike rangi na kukaushwa, hupitishwa katika machekecheo na kutengwa kwa ukubwa wa chembe: BP1, PF1, PD, kisha D1. Yote yametoka katika shamba moja. Walakini yakitiwa gunia moja pasipo kutengwa, hakuna mnunuzi wa mnada wa Mombasa atakayeyataka.

Karani naye alijua jambo hili kwa njia yake mwenyewe tangu siku yake ya kwanza kazini. Barua isiyotiwa namba ya kumbukumbu, wala kuandikwa katika daftari la masijala, ni kama barua ambayo haikufika. Yaweza kuwa juu ya meza, au chini ya meza, au ndani ya faili la mtu mwingine. Siku mkubwa anapoiuliza, jibu ni moja tu, kwamba haionekani.

Ajabu ni kwamba watu hawa hawa, wanaochambua chai kwa uangalifu na kutia namba katika kila barua, wakipata vitabu huvipanga kwa urefu. Virefu huwekwa nyuma, vifupi mbele, na vyenye majalada mazuri huwekwa mahali pa kuonekana na wageni. Shule nyingi, makanisa na vyama vya ushirika vina chumba cha namna hiyo. Vitabu vimefika kwa masanduku: vingine kutoka ng'ambo kwa wafadhili, kama shirika la Uingereza liitwalo Book Aid International, lililoanza mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly, vingine vimeachwa na walimu waliohamishwa, vingine vimetolewa na mabwana shamba. Chumba kimejaa, ufunguo anao mtu mmoja, na wenyewe wakiulizwa kama wana maktaba hujibu kwamba wanayo. Sisi twasema hawanayo bado. Walicho nacho ni ghala la karatasi.

Tofauti ya maktaba na ghala si tofauti ya majina tu. Mwezi wa Septemba mwaka 2011, upande wa Longisa katika Bomet, mahindi yalionekana yakiingia manjano, majani yakikauka kuanzia pembeni, na magunzi yakitoka na punje chache au matupu kabisa. Ulikuwa ugonjwa mpya katika nchi hii, uitwao kwa herufi tatu MLN, nao huletwa na virusi vya aina mbili vinapokutana katika mmea mmoja: aina moja ni ya mahindi, na ya pili ni ya jamii ile inayoshambulia miwa na majani mengine. Baadaye ukaonekana katika nchi za jirani pia. Hakuna dawa ya kunyunyizia mmea uliokwisha kuugua. Kinga yake ni maarifa: kung'oa mimea iliyougua, kupanda mbegu safi, kupigana na wadudu wanaoueneza, na zaidi ya yote kuacha kupanda mahindi juu ya mahindi, bali kupumzisha shamba msimu mzima kwa maharagwe, viazi au mboga. Maarifa hayo yaliandikwa katika karatasi na vijitabu, yakagawanywa kwa wakulima.

Basi natuchukue kijitabu kimoja cha namna hiyo, tukitie katika chumba chetu. Kina kurasa chache, hakina mgongo wa kuandikwa jina, nacho kimeteleza kati ya Biblia kubwa na kitabu cha hesabu. Mama mmoja afika siku ya soko kuuliza kwa nini mahindi yake yanakauka mabichi. Mwenye ufunguo atamjibu kwamba hapana kitu cha namna hiyo hapa, naye atakuwa hakusema uongo, maana hajui kwamba kipo. Mama atarudi nyumbani na kupanda mahindi tena mahali pale pale. Chakula cha jamaa nzima kwa mwaka mzima kimeamuliwa na mahali karatasi ilipowekwa.

Kazi ya kuwafikishia watu vitabu haikuanza jana katika nchi yetu. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 chini ya Bwana Charles Richards, haikuchapisha vitabu tu, bali ilipeleka masanduku ya vitabu vijijini, na kuazima vitabu kwa njia ya posta kwa wasomaji waliokaa mbali na miji. Wakati huo mjini Nairobi lilikuwako jumba zuri la maktaba ya McMillan, lililofunguliwa mwaka 1931, lakini mpaka mwaka 1958 lilikuwa la Wazungu peke yao; yaani watu walipangwa mafungu kabla ya vitabu. Baada ya Uhuru, Bunge lilitunga sheria ya mwaka 1965 iliyoanzisha bodi ya maktaba za taifa, na Katiba ya mwaka 2010 imezitaja maktaba katika orodha ya kazi za kaunti. Kwa hiyo mtu wa Kedowa anayetaka maktaba ajua mlango wa kubisha hodi uko wapi, nao ni Kericho, si Nairobi. Lakini kaunti ikitoa vitabu na hata jengo, kazi ya kuvipanga hubaki, na kazi hiyo haifanywi kwa hotuba.

Mpango unaotumika katika maktaba zetu za taifa, na katika maktaba nyingi za wananchi na za shule ulimwenguni, ulitungwa na Mmarekani aitwaye Melvil Dewey, aliyefanya kazi katika maktaba ya Chuo cha Amherst. Alipouchapisha mara ya kwanza mwaka 1876, kitabu chake kilikuwa na kurasa 44 tu; toleo la 23, la mwaka 2011, ni vitabu vinne vinene. Dewey hakuwa mtu wa kusifiwa kwa kila jambo. Mwaka 2019 chama cha wakutubi wa Marekani kiliondoa jina lake katika nishani yao kwa ajili ya ubaguzi wake na mwenendo wake kwa wanawake. Jembe, walakini, hulima pasipo kuulizwa habari za mhunzi wake.

Kabla ya Dewey, maktaba nyingi zilitia namba katika mbao, si katika habari. Kitabu kiliandikwa: kabati la tatu, ubao wa pili, kitabu cha kumi. Mpango huo hufaa siku ya kwanza. Kikija kitabu kipya cha kilimo na ubao wa kilimo umejaa, basi ama kitakwenda kukaa na vitabu vya dini, ama namba za kabati zima zitafutwa na kuandikwa upya. Dewey aliipa namba habari yenyewe iliyo ndani ya kitabu. Kitabu cha chai kikitoka Kericho kwenda Kedowa, au kikihamishwa kutoka kabati hili mpaka lile, namba yake ni ile ile, na jirani zake ni wale wale.

Aligawanya maarifa yote mafungu kumi. Katika 000 yamo mambo ya jumla, kama kamusi elezo na habari za kompyuta, 100 ni falsafa na elimu ya nafsi, 200 dini, 300 mambo ya jamii, yaani serikali, sheria, uchumi, elimu na desturi, 400 lugha, 500 sayansi, 600 sayansi iliyotiwa kazini, kama uganga, uhandisi, kilimo na upishi, 700 sanaa na michezo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Kila fungu limegawanywa tena kumi, na kila kumi tena kumi, kisha hufuata nukta na mgawanyo huendelea kadiri mtu atakavyo. Kilimo ni 630. Mazao ya shambani ni 633. Nafaka ni 633.1, na mahindi ni 633.15. Viazi vimo pamoja na mboga katika 635.21, ng'ombe ni 636.2, maziwa 637, nyuki 638.1. Chai imewekwa pamoja na mimea inayochangamsha mwili: tumbaku 633.71, chai 633.72, kahawa 633.73, kakao 633.74.

Nukta hiyo huwapoteza wasaidizi wapya, hata wale waliofaulu hesabu vizuri. Kitabu cha 633.8 husimama baada ya 633.72, si kabla yake. Hapa hatulinganishi 8 na 72. Twasoma tarakimu moja moja baada ya nukta, na 7 hutangulia 8, basi. Kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake kwa kosa hili kimepotea kuliko kitabu kilichoazimwa, kwa sababu kilichoazimwa kina jina la mtu katika daftari.

Sasa tufike kwenye namba nne zilizotajwa juu. Mtu aingiaye maktaba na kusema, “Nataka kitabu cha chai,” hajasema bado anataka nini. Kama ataka kujua upandaji wa miche, upogoaji na mbolea, aende 633.72. Kama ni karani wa kiwanda, naye ataka kujua jinsi majani yanavyonyaushwa na kukaushwa, hatakiona kitabu chake huko hata akitafuta mpaka jioni. Kimo katika 663.94, pamoja na utengenezaji wa vinywaji. Kama ni mjumbe wa halmashauri ya chama, naye ataka kujua bei, masoko na mambo ya uchumi wa chai, kitabu chake ni 338.17372, mbali kabisa, katika mambo ya jamii. Na mwalimu wa upishi anayetaka habari za chai kama chakula cha binadamu ataipata katika 641.3372.

Wengi wakisikia hayo hukasirika. Husema, kwa nini chai isikae mahali pamoja? Jibu ni kwamba mpango huu haukusanyi vitabu kwa ajili ya kitu, bali kwa ajili ya kazi anayoifanya msomaji. Mkulima wa chai huenda kesho akataka kitabu cha kahawa au cha mahindi, na hivyo viko ubavuni mwa chai katika 633. Lakini mwanauchumi anayesoma bei ya chai hana haja na mbolea. Ana haja na bei ya pareto, ya sukari na ya maziwa, nazo ziko karibu yake katika 338. Mtu yule yule aweza kuwa mkulima asubuhi na mjumbe wa halmashauri mchana, naye atatembea kutoka kabati moja mpaka jingine. Hatuoni kwamba ni mwendo mrefu.

Tena tazama mwisho wa namba hizo. Katika 633.72, ondoa 63 ya mwanzo, utabaki na 3.72. Tarakimu hizo hizo, 372, zimo mwishoni mwa 338.17372, na zimo tena mwishoni mwa 641.3372. Huo ndio mkia wa chai. Mahindi yana mkia wake pia: 633.15 katika shamba, 338.17315 katika soko, 641.3315 mezani. Ni 663.94 tu ya kiwanda isiyofuata desturi hiyo, nayo yafaa kukaririwa kichwani. Msomaji akiisha kuujua mkia wa zao lake, ataliona zao hilo hata katika maktaba ya nchi asiyojua lugha yake.

Kitabu ni kimoja, nacho hakiwezi kusimama mahali pawili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kadi zinapofaa, nazo kwa maoni yetu ni nusu ya maktaba. Kitabu kimoja huandikiwa kadi kadhaa: moja kwa jina la mwandishi, moja kwa jina la kitabu, na moja au mbili au tatu kwa jina la habari iliyomo. Kadi zote hutaja namba ile ile ya mahali kitabu kilipo. Kitabu kinachosimulia kilimo cha chai na tena bei yake kitawekwa katika 633.72, lakini kadi iliyoandikwa “Chai: bei na masoko” itampeleka msomaji huko huko. Dewey mwenyewe alitia nyuma ya kitabu chake faharisi iliyokusanya chini ya neno moja namba zote za kitu kimoja zilizotawanyika, na wako wasemao kwamba faharisi hiyo ilikuwa na thamani kuliko mafungu yenyewe. Siku hizi kompyuta yaweza kufanya kazi ya kadi. Iko programu iitwayo Koha, iliyotengenezwa New Zealand mwaka 1999, inayotolewa bure, na maktaba nyingi duniani huitumia. Mahali ambapo stima hukatika, kadi katika droo husomeka kwa mwanga wa dirisha.

Kedowa ipo Kipkelion Mashariki, jirani na Londiani, upande wa juu wenye baridi, ambako viazi, mahindi na ng'ombe wa maziwa hugombea ardhi pamoja na chai. Tuseme wakulima, walimu na makarani wa huko wameshauriana kuwa na chumba kimoja chenye vitabu mia nane. Mfano huu ni wetu, si habari ya chumba kilichopo. Hawahitaji vile vitabu vinne vinene vya Dewey. Lipo toleo fupi lililokusudiwa maktaba zisizozidi vitabu 20,000. Na hata toleo fupi halifai kufuatwa kwa upofu. Kama vitabu vya falsafa ni vitatu, vyote vitatu viandikwe 100, visisumbuliwe na nukta. Lakini kama robo ya chumba ni kilimo, kuviandika vyote 630 ni kurudisha lundo lile lile ndani ya kabati zuri. Hapo namba ziwe ndefu: mahindi mbali, viazi mbali, chai mbali, ng'ombe mbali. Namba ndefu itiwe mahali wasomaji wanaposongamana.

Mpango wenyewe haukufanya hivyo kwa haki. Katika dini, Ukristo ulipewa nafasi tangu 220 mpaka 280 na zaidi, na dini nyingine zote za ulimwengu zikabanwa katika 290. Uislamu ni 297, na dini za asili za Afrika ni 299.6. Katika fasihi, Kiingereza kina 820 yake nzima na Marekani 810 yake, lakini fasihi nyingi za lugha za Afrika zimebanwa katika 896, na Kiswahili ni 896.392. Mkutubi wa shule aliye na hadithi mia mbili za Kiswahili na hadithi thelathini za Kiingereza atajikuta akiandika tarakimu sita mara mia mbili, na tarakimu chache mara thelathini, kwa sababu tu mtunzi wa mpango alikaa Amherst. Maktaba nyingi zimetafuta njia ya mkato: hadithi hutengwa katika kabati lake, hutiwa herufi moja badala ya namba, na kupangwa kwa majina ya waandishi. Twaona ni njia njema.

Kwa majina ya waandishi, karani wa Kericho atakutana na jambo ambalo Dewey hakulifikiri. Vitabu hupangwa kwa jina la ukoo, A mpaka Z. Je, mwandishi mwenye neno “arap” katika jina lake awekwe wapi? Tukilihesabu neno hilo, wana wote wa nchi hii watasongamana chini ya A, na droo moja itafurika hali nyingine ni tupu. Kwa hiyo Daniel arap Moi huwekwa chini ya Moi, na “arap” hufuata nyuma. Marehemu Taaitta Toweett, aliyekuwa waziri na mtaalamu wa lugha, ambaye kitabu chake juu ya isimu ya Kikalenjini kilitoka mwaka 1979, huwekwa chini ya T ya Toweett. Lakini jina lake limeandikwa kwa tahajia mbalimbali, mara Towett, mara Toweett, na mkutubi asipochagua moja na kuweka kadi ya “tazama” kwa nyingine, mwandishi mmoja atakuwa watu wawili. Shaaban Robert huwekwa chini ya Robert, ingawa wasomaji wengi wa Kiswahili humtafuta chini ya Shaaban. Kadi moja ya “tazama” yatosha kumaliza ugomvi.

Kadhalika maneno ya habari. Orodha za maneno zinazotumiwa na maktaba kubwa ni za Kiingereza, nazo hupenda majina ya kitaalamu. Mkulima hatatafuta chini ya jina la virusi. Atatafuta “mahindi”, au “ugonjwa wa mahindi”, au “mahindi kukauka”. Kwenye viazi, mmoja atasema viazi, mwingine viazi ulaya, mwingine waru, na mwingine neno la Kikipsigis alilopewa na mamaye. Yafaa mwenye kuandika kadi akae siku mbili tatu karibu na mlango, asikilize watu wanavyouliza, kisha aandike kadi kwa maneno hayo. Hili ni jambo ambalo mtaalamu wa Nairobi hawezi kulifanya kwa ajili ya Kedowa, na kijana wa Kedowa aliyemaliza shule aweza kulifanya vizuri sana.

Viko vitabu vitakavyoleta ubishi hata baada ya hayo. Bwana Ian Orchardson, aliyekaa miaka mingi kati ya Wakipsigis, aliandika kitabu juu yao ambacho Literature Bureau ilikitoa mwaka 1961 kwa jina la The Kipsigis. Je, ni habari za jamii ya watu, katika 305.8? Au desturi, katika 390? Au historia ya Kenya, katika 967.62? Kila jibu lina sababu yake. Kwa maoni yetu, maktaba ya Kericho na Bomet ingefanya vyema kuweka vitabu vyote vya watu wa nchi hii mahali pamoja, katika kabati la peke yake lenye alama yake, hata kama mpango ungewatawanya. Lakini lolote litakaloamuliwa liandikwe katika daftari, pamoja na tarehe. Mkutubi akihama, atakayemfuata asianze ubishi upya na kuweka nakala ya pili ya kitabu kile kile mahali pengine.

Vijitabu na karatasi za mabwana shamba ndivyo vyenye faida ya haraka kuliko vyote, navyo ndivyo hupotea kwanza. Havisimami katika ubao. Njia yake ni masanduku ya karatasi ngumu, hata yale ya dukani, kila sanduku na zao lake na namba yake kwa nje: 633.15, 633.72, 635.21, 636.2. Ndani, vijitabu vipangwe kwa mwaka, kile kipya mbele. Mwaka ni jambo kubwa katika kilimo. Miche ya chai iliyosifiwa zamani imefuatwa na mingine iliyochaguliwa na watafiti wa Kericho, ambayo hujulikana kwa namba kama 6/8 na 31/8, na mwaka 2011 ukatolewa mche wa chai ya zambarau, namba 306. Mkulima anayesoma kijitabu kisicho na tarehe hajui ni shauri la leo au la babu yake.

Na mashauri mengine ya zamani ni hatari. Katika masanduku yaliyokaa shuleni tangu miaka ya 1950 mtu aweza kukuta kijitabu kinachomshauri mkulima kutumia DDT, dawa ambayo Kenya ilikwisha kuikataza katika kilimo. Kijitabu hicho hakitupwi motoni, maana kina habari ya jinsi watu walivyolima na jinsi walivyoshauriwa. Lakini hakiwezi kubaki katika 632.95 pamoja na dawa za wadudu zinazotumika, mahali ambapo mtu mwenye haraka atakichukua na kwenda nacho shambani. Mkutubi hukifutia namba hiyo kwa kalamu, akaandika 630.96762, historia ya kilimo katika Kenya, akabadili kadi zake zote, na kukihamisha kabati.